Upenyo wa Mama Mkwe

Wewe uliyekaa hapo umekunja miguu, hebu nikujaribu kabla sijaanza. Sina mkono wala mguu, lakini kila mtu wa nyumba hii nimempitisha kifuani mwangu. Nilizaliwa kwa kuvunjwa. Ukinipunguzia ninakua, ukinijaza ninakufa. Mimi nani?

Usikimbilie kusema kaburi. Wengi husema kaburi, na kaburi halipitishi mtu, linamweka. Fikiri taratibu. Umeshindwa? Basi, zawadi sikudai, nakuonesha kwa kidole tu. Ni upenyo. Tena si upenyo wowote, ni ule ulioko ukutani kati ya jiko letu na chumba cha kulia, katika jumba la baba mkwe wangu. Unamtosha mwanamke mwenye sinia, mradi ainamishe kichwa kidogo. Hauna mlango, hauna nakshi, na pembeni mawe yamebaki na meno. Mgeni akiuona hudhani nyumba inabomoka. Ilibaki kidogo tu uzibwe, na habari ya siku hizo ndiyo ninayotaka kukupa.

Kwanza ulijue jumba lenyewe. Baba mkwe alikuwa mkandarasi wa majengo ya serikali, na watu walimwita Mzee Nguzo. Alijenga mahakama, akajenga posta, na kila alikojenga aliona jinsi nguzo zinavyowafanya watu wavue kofia hata kabla hawajamwona hakimu. Ilipofika zamu ya nyumba yake, akataka na yeye avuliwe kofia. Akazipanga nguzo mbele ya baraza, nene, nyeupe, zinang'aa kwa chokaa. Sasa nikunong'oneze: hazibebi kitu. Paa la baraza limeshikwa na vyuma vilivyofichwa darini. Nguzo zimesimama tu kama askari wa gwaride. Moja ina uwazi ndani, nyuki wakahamia humo tangu mimi sijaolewa, na asali yao hakuna aliyewahi kuilamba, maana kuitoa ni kumpasulia Mzee heshima yake.

Ukizipita nguzo unaingia sebuleni. Dari iko juu hata ukipiga chafya, chafya yako inarudi kukusalimia. Madirisha yana matao na vioo vya rangi. Asubuhi jua likiingia, sakafu inakuwa na madoa mekundu na ya kijani, watoto wanarukaruka wasiyakanyage. Ngazi ya mbao inapanda ghorofani, na mkono wake umelainishwa na makalio ya vizazi vitatu. Nyuma ya sebule ndipo kilipo chumba cha kulia, chenye meza ya mti mzito iliyoingizwa kabla kuta hazijafungwa. Meza hiyo haitoki. Siku tukitaka kuitoa itabidi jumba lipasuliwe kama mzazi.

Na jiko? Jiko lilijengwa nyuma, limeegemea ukuta wa chumba cha kulia, mgongo kwa mgongo. Ukiwa jikoni ulimsikia mtu wa mezani akitafuna. Lakini mlango wa kutoka huku kwenda kule, hakuna! Mzee Nguzo hakuutaka. Alisema nyumba ya heshima haitoi moshi mbele ya wageni wala haioneshi masufuria. Alitaka chakula kitokee mezani kama kimeshushwa na malaika. Kwa hiyo mwanamke alibeba sinia akatokea mlango wa uani, akapita kando ya tangi la maji, akaambaa na ukuta unaoteleza kwa ukungu, akakata kona, akapanda ngazi za ubavuni, akafuata ujia, ndipo akaingia chumba cha kulia. Safari yote hiyo kwa sababu ya ukuta ambao unene wake ni mkono wako tu!

Mama mkwe alikuwa na kitendawili cha jambo hilo. Aliwategea wifi zake wawili, dada za mumewe, wakiwa wanamenya viazi: "Mdomo anao, tena mpana. Tumbo analo, tena kubwa. Koo hana. Nani huyo?"

"Nyumba ya kaka!" wanamjibu, wanacheka mpaka machozi, halafu wanajifuta na kubeba masinia.

Siku moja ya mvua mama mkwe akateleza pale kwenye kona, na bakuli la supu mikononi. Ikamuunguza kuanzia kiwiko mpaka vidole. Mzee Nguzo alisikia kishindo, akatoa kichwa dirishani. Unajua aliuliza nini?

"Na supu?"

Basi, hilo tu. Mke yuko chini, mume anauliza hali ya supu.

Mama mkwe hakumjibu kwa mdomo. Mkono ulipopona aliingia stoo ya vifaa vya mumewe, akachagua nyundo na patasi. Kila asubuhi Mzee alipokwenda kwenye majengo yake, na jikoni nako ujenzi ulianza, ila huu ulikuwa wa kurudi nyuma. Chokaa ya zamani si saruji. Ukiikwangua kwa subira inakutii. Mama mkwe aligonga, wifi mmoja akachomoa jiwe, mwingine akatwanga kinu kitupu ili mlio mmoja uumeze mwingine. Upande wa jikoni tundu lilifunikwa na mkeka mkubwa uliotundikwa. Upande wa pili lilisimama kabati la vyombo. Na mawe je? Wakayajengea kibaraza cha kukalia humo humo jikoni.

Siku moja Mzee akaingia kuomba maji. Akakaa juu ya kibaraza, akakipapasa kama fundi anavyopapasa kazi ya mwenzake. "Nani kajenga hiki? Kazi safi."

"Si mkono wako huo, baba watoto?" mama mkwe akamwambia.

Akacheka, akanywa maji, akaenda zake. Hakujua kwamba ameukalia ukuta wake mwenyewe.

Ikafika siku ya wageni wakubwa. Asubuhi wanawake walisogeza kabati, ati wanafagia nyuma yake. Upande ule uliobaki ulikuwa ni lipu tupu, nyembamba kama ganda la yai. Wageni wameketi, Mzee Nguzo amekalia kiti chake anawaeleza habari za nguzo, watoto wake wa kiume wamepangwa kando wamechanwa nywele. Mara lipu ikapasuka, vumbi likaruka, na katikati ya ukuta likatokea sinia la wali linafuka moshi. Nyuma ya sinia, kichwa cha mama mkwe, nyusi nyeupe kwa chokaa.

"Karibuni," akasema. "Leo bado cha moto."

Mgeni mmoja akapiga makofi, akidhani ni mtindo mpya wa majumba. Mzee angefanya nini? Alipiga makofi na yeye. Lakini tangu siku hiyo, mtu akimuuliza, alisema mvua kubwa iliupasua ukuta naye akauacha hivyo. Wanawe akawafundisha jibu hilo hilo, nao wakalishika kama sala.

Mimi nilipoolewa na mwanawe mkubwa sikupandishwa kupitia kwenye nguzo. Mama mkwe alinizungusha uani, akaniingiza jikoni, akanisimamisha mbele ya upenyo. Nilihisi mkono wake wenye kovu mgongoni. "Inama hapa," akaniambia, "ili usiiname pengine." Kila bibi harusi wa jumba hili amepita hapo. Mke wa mwanangu alipita na shela, ikanaswa kwenye jino la jiwe, ikachanika. Hakulia. Nikajua tumepata mtu.

Sasa tuje kwenye ugomvi wenyewe. Mama mkwe alishatangulia, wifi zake wakamfuata, mume wangu naye. Katika waliozaliwa na Mzee Nguzo alibaki shemeji yangu, kitinda mimba, aliyefanya kazi ya ukarani katika mahakama aliyoijenga baba yake. Sisi tunamwita Mheshimiwa, kwa kuwa hata kunywa chai hanywi bila tai. Paa lilikuwa limeanza kuvuja vibaya. Shemeji akaenda ofisi ya majengo ya kale, akaomba jumba letu liandikishwe. Wakikubali, wao ndio wangetengeneza paa, na mbele ya baraza wangeweka bamba la shaba lenye jina la baba yake. Hilo bamba alilitaka kuliko paa.

Ofisi ikamleta mtaalamu wake, binti mmoja mwenye futi ndefu ya kupimia kiunoni kama mkanda. Nikampa jina pale pale: Binti Futi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Pima utakavyo, ila nguzo ile ya pembeni usiigonge. Ina wenyewe."

"Wenyewe kina nani, Bibi?"

Nyuki mmoja akatoka kujitambulisha. Tulimpaka kitunguu shavuni, akaendelea na kazi. Nikampenda kwa hilo.

Shemeji alimshushia mchoro wa jumba, ule ulio kwenye fremu sebuleni, uliochorwa na Mzee mwenyewe. Binti Futi akaufuata chumba kwa chumba mpaka akafika chumba cha kulia. Akatazama mchoro. Akatazama ukuta.

"Huu uwazi haumo humu."

"Mvua," shemeji akadakia. "Mvua kubwa ya zamani."

"Kama ni mvua, basi huo ni uharibifu, Mzee. Kanuni yetu ni kulirudisha jengo kama lilivyokuwa. Tutauziba kwa mawe na chokaa ile ile. Hakuna atakayejua kwamba palikuwa na kitu."

Mimi nilikuwa upande wa jikoni, nikatokeza kichwa. "Mvua gani hiyo inayokata ukuta kwa kipimo cha sinia?"

"Shemeji, tafadhali, tuna mgeni."

"Namwona. Na yeye ananiona. Upenyo ukizibwa hatutaonana."

Nikamwambia yote kama nilivyokuambia wewe, supu na kibaraza na wali uliotoka ukutani. Nilimkaribisha akikalie kibaraza, akakikalia. Alisikiliza mpaka mwisho, hakuangalia saa wala simu.

"Bibi, mimi nakuamini," akasema. "Lakini kuamini kwangu hakutoshi. Kama mtu wa nyumba hii aliufungua kwa makusudi, upenyo ni sehemu ya historia ya jengo, na sina ruhusa ya kuugusa. Ila lazima aseme mtu aliyeona kwa macho yake. Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwa bado kwa wazazi wangu."

Akainuka, akapita kwenye upenyo, akaenda kusimama mbele ya shemeji. "Mzee, wewe ulikuwepo. Nani alitoboa ukuta huu?"

Shemeji akakaza tai yake. "Nguzo za upande wa pili," akasema, "umeshazipima?"

Binti Futi akaondoka na futi yake. Wiki inayofuata angerudi na mafundi. Gari lake halijakata kona, mimi na shemeji tulishaanza.

"Shemeji, umemnyima mama yako neno moja tu?"

"Unataka niandikishe serikalini kwamba mama yangu alimbomolea baba yangu nyumba? Mbele ya wageni? Wajukuu waje wasome?"

"Wasome. Tena kwa sauti, mimi macho yangu hayaoni herufi ndogo."

"Wewe uliolewa hapa. Damu ya nyumba hii haimo kwako."

"Jasho langu limo. Na tangu nije hapa sijaona damu ikipika wali."

"Paa linavuja, shemeji! Tukileta ubishi watatuacha hivi hivi."

"Nitalala nimekumbatia beseni. Upenyo hauzibwi."

Kesho yake nikamwita mkwe wangu, mke wa mwanangu, tukalisukuma kabati mpaka likaziba upenyo wote. Mchana shemeji akaketi kwenye kiti cha baba yake, akafunga kitambaa shingoni, akangoja. Akangoja. Mwishowe nikasikia sauti yake kupitia ukutani.

"Chakula kiko wapi?"

"Kimeiva zamani. Umetaka nyumba ya Baba, tumekupa. Njia unaijua, imo kwenye mchoro."

"Na nani analeta?"

"Mchoro umeonesha njia. Mbebaji haukumwonesha."

Mchana ule alishinda njaa. Jioni akatokea mlango wa uani na sahani yake, hakunisalimia, akapakua, akazunguka nayo tangi, ukuta, kona, ngazi. Siku iliyofuata vivyo hivyo. Mkwe wangu alikuwa anajificha nyuma ya mlango, amejiziba mdomo kwa khanga. "Mama, utamuua baba mdogo."

"Hafi. Anasomea ujenzi."

Nilidhani atachoka upesi. Hakuchoka. Alizunguka wiki nzima na wali wake uliopoa, kichwa juu. Kwa ukaidi ule ndipo nilipoona wazi ni mtoto wa nani.

Binti Futi alirudi siku ya mvua, na mafundi wawili, karai la chokaa na mawe yaliyokwisha kuchongwa. Shemeji akaamuru kabati lisogezwe. Liliposogezwa wakanikuta mimi. Nilikuwa nimeweka kigoda katikati ya upenyo, nimekaa, ungo wa maharage mapajani, nachambua.

"Bibi, tunaomba upite," fundi mkubwa akasema.

"Nimeshapita, baba. Nilipita nikiwa bibi harusi. Sasa nimekaa."

"Tutafanyaje kazi?"

"Jengeni. Anzieni miguuni. Mkifika usoni mniachie nafasi ya kuhemea, ili niweze kumwambia shemeji kwamba chakula kimeiva."

Fundi mdogo alicheka, mwenzake akamtazama, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Shemeji akawa mwekundu wa masikio. "Shemeji, unajifedhehesha."

"Niache nifedheheke, mradi nimekaa pangu."

"Toka hapo!"

"Nitoe."

Hakuna aliyesogea. Binti Futi akaweka futi mezani. "Mimi simjengei mtu ukutani," akasema. "Mzee, hii ni nyumba yenu. Amua."

Shemeji alipogeuka kulia na kushoto na kukosa pa kushika, akashika adabu. Akasema mgeni hawezi kuzungumza na njaa, kwanza ale. "Pitisha sinia, shemeji."

"Liko jikoni, limeshapakuliwa. Nami ndimi niliyekaa njiani. Zunguka."

Alinitazama. Akavuka ujia, akashuka ngazi za ubavuni bila mwavuli. Nikiwa pale ukutani nilisikia pande zote mbili: huku mafundi wanakoroga chokaa isikauke, kule mkwe wangu anamkabidhi sinia na bakuli la supu. "Taratibu, baba mdogo, imejaa." Nikasikia viatu vyake vikipita tangini, vikiambaa na ukuta. Halafu sikusikia kitu.

Nikaacha kuchambua. Ni mzee mwenzangu, na magoti yake nayajua. Nikajiinua kidogo kwenye kigoda. Fundi mkubwa akaiona nafasi, akainama kuchukua jiwe. Nikakaa tena.

"Hajaanguka, Mama!" mkwe wangu akaniitia kutoka uani. "Amesimama tu kwenye kona. Ameegemea ukuta!"

"Anafanya nini?"

"Anatazama chini!"

Alisimama pale muda, mvua inampiga, sinia mikononi. Hatimaye viatu vikaanza tena, pole pole, kimoja kinapapasa kabla kingine hakijafuata.

Aliingia maji yanamchuruzika. Tai ilikuwa imemganda kifuani. Supu ilikuwa imepokea mvua mpaka ukingoni, imekuwa nyeupe. Akaiweka mbele ya Binti Futi kwa mikono miwili. Fundi mkubwa akachota chokaa kwa mwiko wake, akanisogelea.

"Weka chini hiyo," shemeji akasema.

"Mzee?"

"Nimesema weka chini."

Mwiko ukarudi kwenye karai. Shemeji akaifungua tai, akaikamua sakafuni, akaiacha juu ya meza kama kitambaa cha jikoni. Hakunitazama mimi. Alimtazama yule binti, naye bila kuambiwa akachukua penseli.

"Mama," shemeji akasema. "Mama yangu mzazi ndiye aliyeutoboa, kwa patasi ya Baba, nami nikiwa nimekaa kwenye kiti kile pale ninaona. Na andika hivi, binti, usinibadilishie hata neno: hakuomba ruhusa."